Mwenye Wimbo Yupo

Jumapili ya kwanza baada ya Siosaia Manukia kurudi kutoka hospitali ya Auckland, ibada ya alfajiri ya kijiji cha Fangalupe, kisiwani, ilikaa kimya muda mrefu hivi kwamba watoto waliokuwa wamelala mkekani waliamka, wakidhani imekwisha.

Ibada hiyo haina kinanda wala kitabu. Watu huingia gizani, gogo la kuitia ibada likishagongwa, wakajiketia walipozoea kuketi, na mchungaji akimaliza sala ya kwanza husubiri. Mtu mmoja huanzisha wimbo, peke yake, maneno mawili matatu tu, na kanisa zima humdaka. Kwa zaidi ya miaka thelathini mtu huyo alikuwa Siosaia. Hakuna kikao kilichomchagua, wala hakuna karatasi yoyote iliyoandikwa jina lake. Ilijulikana tu, kama inavyojulikana nani hukata nguruwe kwenye msiba. Tena ilijulikana kwamba wimbo wa alfajiri hauanzishwi juu ya kichwa cha mwenye nao. Akiwapo kanisani, wote humngoja yeye.

Basi walimngoja. Siosaia alifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa kama upepo unaopita chini ya mlango. Madaktari walikuwa wamekata uvimbe kooni, na pamoja na uvimbe walikata sauti. Aliachiwa mnong'ono. Alijaribu tena, kisha akafumba kinywa na kuangalia miguu yake.

Watu waliendelea kungoja. Haikuwa ukatili. Kwao kuanzisha wimbo Siosaia akiwa ameketi pale kungekuwa sawa na kumvua shati mbele za watu. Mwishowe Mchungaji Semisi, kijana aliyehamishiwa hapo mwaka uleule kutoka visiwa vya kaskazini na ambaye alikuwa hajayajua yote ya Fangalupe, alianzisha yeye mwenyewe, kwa mahadhi ya kwao. Watu walimfuata kwa sauti ndogo, kama wageni wanaokula huku mwenye nyumba amesimama.

Jumapili iliyofuata Siosaia hakwenda. Alibaki kitandani akasikiliza. Kutoka kanisani, ng'ambo ya mishelisheli, alisikia kimya kifupi, halafu sauti ya Viliami, fundi seremala, ikitetemeka kidogo mwanzoni, na baada yake watu wote kwa nguvu zao zote. Viliami alikuwa na sauti nzuri.

Mkewe, Kalolaine, aliporudi alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda. Siosaia alimwita kwa mkono asogee karibu, kwa sababu mnong'ono wake haukuvuka chumba.

"Nikitoka wanaimba," akasema. "Nikiingia wananyamaza. Sasa niambie mimi ni nani mle ndani."

 Kalolaine alikwenda kufukua chakula kwenye tanuri ya mawe, na siku hiyo walikula bila kutazamana.

Ili mtu aelewe uzito wa neno lile, ni lazima ajue kwamba Siosaia hakuwahi kuwa wa mahali pengine. Alizaliwa katika nyumba iliyo nyuma ya kanisa. Alijifunza kutambaa juu ya mkeka ule wa mbele wanakokaa watoto. Dada yake mkubwa, Lesieli, ndiye aliyemfundisha aya yake ya kwanza ya Jumapili ya Mei, siku ambayo watoto wote huvaa nguo mpya nyeupe na kusimama mmoja mmoja kusema neno la Biblia bila kusoma. Alimfundisha nyuma ya jiko huku akikuna nazi, na kila alipokosea alimgonga kichwani kwa kifuu. Siku ilipofika mtoto aliisema aya yake bila kukosea, mama yake akalia, shangazi zake wakalia, na yeye akashangaa kwamba maneno aliyofundishwa kwa kifuu yangeweza kuwaliza watu wazima.

Muda si mrefu baada ya hapo alihamia kulala kwenye kibanda cha wavulana, kama desturi inavyotaka, na tangu siku hiyo mambo yake na Lesieli yakawa ya heshima. Hawakutaniana tena. Hawakuketi chumba kimoja nje ya kanisa. Alipomwona anakuja njiani alipisha, na jambo likitokea lililowahusu wote wawili lilipitia kinywani mwa mtu mwingine. Hakuna aliyeliona hilo kuwa huzuni. Dada ni mkubwa kwa kaka, hata angekuwa mdogo kwa umri, na mkubwa hachezewi. Viazi vikuu vya kwanza vya shamba vilikwenda kwake kila mwaka kabla mtu yeyote nyumbani hajaonja.

Sauti ilipombadilika, aliambiwa aondoke mkekani akasimame benchi la nyuma, kwenye besi. Wazee wa besi walikuwa watu wazito wenye shingo fupi, na walipoimba benchi lilitetemeka. Mvulana alishika mgongo wa benchi akahisi wimbo ukipanda mikononi mwake kutoka kwenye mbao. Miaka mingi baadaye alimwambia Kalolaine kwamba kabla ya siku ile alijua Mungu yuko juu, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa mkekani. Siku ile ndipo alipojua kwamba Mungu yuko chini pia, chini ya sakafu, na kwamba ana uzito.

Alithibitishwa kanisani, akaoa, akahubiri hubiri lake la majaribio mbele ya wazee na kusahau somo katikati, akalimaliza kwa somo jingine, na akapasishwa hivyohivyo. Alizika wazazi. Alibatizisha watoto wake wanne na kuwaona wakiondoka mmoja mmoja kwenda Auckland na Sydney. Kila hatua ilikuwa na mahali pake ndani ya jengo lile, na kila mara alipohama kutoka mahali pamoja alikuwa tayari ana pengine pa kwenda.

Kuanzisha wimbo kulimjia kaburini. Mzee Vahai, aliyekuwa mwenye wimbo kabla yake, alikuwa ameshushwa shimoni, mchanga mweupe wa matumbawe unamwagwa, na wimbo unahitajika, na mwenye kuuanzisha ndiye anayezikwa. Watu walitazama chini. Siosaia alisema baadaye kwamba hakuamua. Alisikia wimbo umeanza, na alipotafuta ni nani aliyeuanzisha, akajikuta ni yeye. Aliogopa sana, na wale watu wa besi wakambana mabega kutoka pande zote mbili ili asianguke.

Hivyo ndivyo kazi hiyo ilivyopokewa tangu zamani, juu ya kaburi. Haikuwahi kutokea Fangalupe mtu akaendelea kuishi huku kazi yake imemtoka. Ndiyo maana hakuna aliyejua la kufanya.

Desemba yote hakukanyaga kanisani. Jioni alikwenda kunywa kava, kile kinywaji cha mizizi, pamoja na wenzake, akaketi duarani, akanywa zamu yake. Pauliasi, rafiki yake tangu mkekani, alijaribu kumchangamsha kwa kumwambia kwamba Mungu hatimaye amejibu maombi ya Kalolaine, maana mwanamke yule alikuwa amengoja miaka arobaini apate nafasi ya kumaliza sentensi. Siosaia alicheka. Mabega yalitikisika, hakuna kilichosikika, na mzaha ukafa mikononi mwa Pauliasi.

Halafu ikaja Januari na juma la maombi. Juma hilo Fangalupe yote husali asubuhi na jioni, na kila siku ina wenyewe: siku moja akina mama huongoza, siku nyingine vijana, siku nyingine watoto, ambao husali kwa sauti kubwa mno na kuombea hata mbwa. Wote huhudhuria zote, lakini wenye siku ndio hukaa mbele. Alhamisi alfajiri ilikuwa ya wazee. Jumatatu Siosaia alikwenda nyumbani kwa mchungaji kumwomba aliondoe jina lake kwenye orodha ya wazee wa Alhamisi.

Mchungaji Semisi alimkaribisha kwa heshima zote, akainamisha sikio. Alipoelewa anachoombwa, alimwambia mambo mazuri, kwamba Mungu hasikilizi koo bali husikiliza moyo, na kwamba mzee asijali.

"Mungu ananisikia, mchungaji," Siosaia akanong'ona. "Hilo silo linalonisumbua. Watu ndio niliowanyamazisha."

 Baadaye kijana yule alisema kwamba katika masomo yake yote ya uchungaji hakuna aliyewahi kumweleza la kujibu hapo. Aliahidi kufanya kama mzee alivyotaka.

Jioni ileile Kalolaine alifunga majani ya taro yaliyopikwa kwa nyama na tui, akayaweka kikapuni, na kwenda mwisho wa kijiji kwa Lesieli. Lesieli alikuwa mjane, amepita umri wa miaka sabini, mwembamba, macho yamefifia. Alisuka mikeka kwa vidole, bila kutazama. Kalolaine aliketi chini karibu na mlango, kama mke wa kaka anavyopaswa kuketi, akamweleza yote.

"Na yeye mwenyewe anasema nini?" Lesieli akauliza.

"Hasemi, wifi. Ndiyo shida yenyewe."

Lesieli aliguna kama mtu aliyeshikwa na kicheko, kisha akajizuia, kwa sababu hata kaka asipokuwapo hachekwi. Alisuka kidogo. Kisha akauliza wimbo gani Siosaia alipenda kuanzisha siku ya wazee, na Kalolaine akamtajia, ule wa kushukuru kwa kuamshwa. Lesieli akasema ndiyo, mama yao aliupenda huo.

"Mwambie Alhamisi aje," akasema. "Na usiseme ninamwomba; ninamwambia."

"Akiniuliza aje kufanya nini?"

"Hawezi kuniuliza. Na wewe hujui."

Kalolaine alirudi na ujumbe. Siosaia aliusikiliza hadi mwisho. Mchungaji angeweza kumkatalia. Wazee wa kanisa angeweza kuwakatalia, na daktari alikuwa amemkatalia mara mbili. Lakini neno la dada haliulizwi sababu. Jumatano jioni alimwonyesha Kalolaine mkeka wake wa kujifunga kiunoni aendapo kanisani, ule mzuri, ili auanike upate hewa.

Alhamisi gogo lilipogongwa kulikuwa na mvua nyepesi. Wazee waliwekewa viti mbele, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Siosaia alipoingia, watu walisogea kumpisha, na manong'ono yakakatika. Aliketi karibu na Pauliasi. Hakuweza kuinua macho. Kila hatua kutoka mlangoni alijua kwamba analeta kile kimya kwa miguu yake mwenyewe.

Mchungaji aliomba, kisha akaketi. Taa zilikuwa mbili tu. Kimya kikaingia, kilekile, kikaenea hadi benchi la nyuma. Mahali fulani pale nyuma Viliami alikohoa kidogo na kujizuia, na wote walijua kwamba asingeanzisha hata ibada ingekaa hivyo mpaka mchana. Mvua ilisikika juu ya bati. Mtoto alianza kulia, akanyamazishwa kwa ziwa.

Upande wa wanawake kiti kililia kwa uzito kuondoka. Lesieli alikuwa amesimama. Si lazima kusimama ili kuanzisha wimbo, na hakuna mwanamke aliyewahi kuuanzisha katika alfajiri ya wazee. Lakini watu walielewa kabla hajafungua kinywa. Katika jengo lile lote ni mtu mmoja tu aliyeweza kuanzisha juu ya kichwa cha Siosaia bila kumvunjia heshima, na kwa miezi hii hakuna aliyemfikiria, kwa sababu kaka na dada walikuwa wamekaa mbali kwa desturi muda mrefu hivi kwamba watu walisahau kuwahesabu pamoja.

Akaanza. Sauti za wanawake wazee hushuka kwa umri, naye alianzia pale sauti yake ilipokuwa, yaani chini mno. Akina mama waliomdaka walijikuta wakiimba mahali ambapo kwa kawaida huimba wanaume. Wanaume wa sauti ya teno wakashuka hadi kwenye besi. Na watu wa besi, ambao hawakuwa na pa kwenda ila chini zaidi, wakaenda. Walishuka hadi noti ambazo hazikuwahi kuimbwa humo ndani, wengine hawakujua kama wanazo, na wakazikuta.

Sakafu ya mbao ikatetemeka. Siosaia alikuwa amevua viatu mlangoni kama wengine, na ule mtetemo ukaingia kupitia nyayo zake, ukapanda magotini, kifuani, hadi kwenye koo lililokatwa. Alishika kiti kwa mikono miwili. Pauliasi, aliyekuwa akiimba huku machozi yanamtoka, alisema baadaye kwamba alidhani ni tetemeko la ardhi, na kwamba kwa kuwa ndivyo alivyodhani, alishangaa kujikuta hataki kukimbia.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Mwenye kuanzisha ndiye anayeanza kila ubeti, basi watu wakamngoja Lesieli aanze wa pili. Hakuanza. Alibaki amesimama, uso ameuelekeza ukutani juu ya mimbari, si kwa kaka yake, kwa maana hilo lisingewezekana.

"Mwenye wimbo yupo," akasema. "Tunamsubiri."

Kisha akaketi.

Siosaia alisimama, kwa kuwa alikuwa ameambiwa na dada yake. Hakuwa na kitu kingine cha kusimamia. Aliona nyuso za wazee wenzake zimemgeukia, na zaidi yao watoto mkekani na vijana na benchi la nyuma, wale mabega-mabega wa besi, na hakukuwa na hata mmoja aliyetazama chini. Wakati huo alitambua, alisema baadaye, kwamba kimya hiki hakikuwa kile cha kwanza. Kile cha kwanza kilikuwa cha watu waliofunga vinywa. Hiki kilikuwa cha watu waliofungua masikio.

Alivuta pumzi, na pumzi hiyo ikasikika. Watu wakaacha kupumua. Akina mama waliwashika watoto vichwani. Hata mvua ilikatika, walisema watu, ingawa mwandishi wa haya hana hakika ya mvua. Na ndani ya kimya kile Siosaia Manukia akanong'ona maneno matatu ya kwanza ya ubeti wa pili, bila noti, upepo tu uliochongwa kuwa maneno.

Benchi la nyuma halikumsikia. Lisingeweza. Waliomsikia walikuwa wazee wa mbele, wakayadaka. Kutoka kwao yakadakwa na waliokuwa nyuma yao, na hao wakawapa wengine, na wimbo ukasafiri kanisani benchi kwa benchi, ukinenepa, hadi ukafika kwenye besi na kugeuka na kurudi mbele, kuelekea kwa mtu aliyekuwa amesimama pale mdomo wazi. Mchungaji Semisi alipiga magoti bila kuambiwa na mtu. Walikuwa watu mia na zaidi, na kilichowaamsha wote kilikuwa pumzi ambayo isingezima mshumaa.

Beti zilikuwa sita. Alizianza zote zilizobaki.

Baada ya ibada watu walikwenda kula kama kawaida. Lesieli aliondoka kwa njia ya nyuma pamoja na wajukuu zake, na Siosaia alisubiri hadi alipokwisha kupita ndipo akatoka. Hawakuzungumza, wala hawakuzungumza kamwe juu ya jambo hilo. Jioni Viliami alikuja na mzizi wa kava chini ya kwapa, kama afanyavyo mwenye ombi, akaketi mlangoni, akauliza bila kuuliza. Siosaia alimwambia Kalolaine, Kalolaine akamwambia Viliami, kwamba kila alfajiri nyingine ni yake, aanzishe bila woga, mzee akiwapo au asipokuwapo. Siku ya wazee ibaki kama ilivyokuwa. Viliami aliinamisha kichwa hadi karibu na sakafu.

Jumapili gogo lilipogongwa Siosaia hakwenda benchi la besi wala hakwenda mbele. Alitafuta mahali katikati ya kanisa, kati ya mwanamke mwenye mtoto mchanga na mjukuu wa Pauliasi, mahali ambapo katika maisha yake yote hakuwahi kuketi, akakaa. Viliami akaanzisha wimbo wa zamani.

Kwa miaka hamsini Siosaia alikuwa ameimba wimbo huo akiwa ndani ya besi, na aliye ndani ya besi husikia besi. Sasa upande wake wa kulia kulikuwa na alto, ambayo hakujua kwamba inafanya vile, inatembea peke yake na kurudi. Soprano zilikuwa juu karibu na paa. Watoto mkekani waliimba maneno waliyoyasikia vibaya. Na nyuma ya yote, mbali kidogo, kulikuja kitu kizito na cheusi na chenye subira, kikibeba vingine vyote, na ilimchukua muda kuelewa kwamba hicho ndicho alichokuwa yeye.

Mwanamke aliyekuwa karibu naye aliona mzee anatetemeka, akamuuliza polepole kama anaumwa. Siosaia alitikisa kichwa. Akanyoosha mkono akamwomba ampe mtoto, akampakata, akaendelea kusikiliza.